Sheikh Al-Amin Mazrui: Mwenye Kalamu na Sheria

Wenzangu, huku kwetu Mwembe Tayari kila amalizaye shule ataka kuwa wakili, mwandishi wa habari au balozi. Nami nimo. Basi hebu tumtazame aliyetutangulia mjini humu humu.

Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka wa 1891. Babake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Chuo kikuu hakukanyaga. Alisomeshwa na masheikh wa Mombasa na Unguja.

Mwaka wa 1930 alianzisha gazeti la Sahifa, na mwaka wa 1932 Al-Islah. Aliandika kwa Kiswahili, manake alitaka kusomwa na watu wote, si wanazuoni peke yao. Aliwakemea watu wake waziwazi: waache israfu, wasomeshe watoto, wa kike pia. Wapo waliochukia, naye hakunyamaza. Mwaka wa 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki mwaka wa 1947.

Mwanawe Ali, aliyeachwa na miaka 14, ndiye aliyekuja kuwa Profesa Ali Mazrui, bingwa wa siasa za kimataifa.

Ndugu zangu, kwa Sheikh kalamu ilitangulia, cheo kikafuata. Mbona sisi twangoja digrii? Gazeti letu ndilo hili, tuandikeni.