Maisha ya Bwana Gunpei Yokoi

Likizo iliyopita nilipokuwa kwetu Mgeta, milimani Uluguru, nilimkuta mdogo wangu akisukuma gari la waya lenye magurudumu ya kandambili kuukuu. Nikamfokea kwamba anapoteza wakati kwa takataka. Akalificha gari lake, wala hakulitoa tena. Baadaye nilisoma maisha ya Bwana Gunpei Yokoi wa Japani, nikaona haya.

Yokoi alizaliwa Kyoto mwaka 1941. Alisomea elimu ya umeme katika Chuo Kikuu cha Doshisha, na mwaka 1965 akaajiriwa na kampuni ya Nintendo, iliyokuwa ikitengeneza karata. Kazi yake ilikuwa kutunza mitambo tu. Siku moja mkuu wa kampuni, Bwana Hiroshi Yamauchi, alikiona kitu ambacho Yokoi alijiundia kwa kujifurahisha: mkono wa vijiti vilivyopishana, ukiubana unarefuka na kushika kitu kilicho mbali. Bwana mkubwa hakumfokea. Alimwamuru autengeneze vizuri upate kuuzwa. Ulitoka mwaka 1966, ikauzwa zaidi ya milioni moja.

Tangu hapo Yokoi akawa fundi wa michezo. Mwaka 1980 alitoa michezo midogo ya mkononi, Game & Watch, yenye kioo cha namna ya vikokotozi, ambacho wakati ule kilikuwa kimeshuka bei. Mwaka 1989 yeye na wenzake wakatoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi, na wapinzani walikuwa nayo. Lakini vyombo vyao vilikuwa ghali na vilimaliza betri upesi. Game Boy ikawashinda. Yokoi aliamini kwamba kitu cha zamani kilicho rahisi, kikitumiwa kwa njia mpya, chaweza kushinda kitu cha fahari.

Hata hivyo hakushinda siku zote. Virtual Boy ya mwaka 1995, iliyoonyesha rangi nyekundu tu, haikupata wanunuzi. Mwaka 1996 aliondoka Nintendo, akaanzisha kampuni ndogo iitwayo Koto. Huko alianza kuunda chombo kipya kwa ajili ya kampuni ya Bandai. Lakini tarehe 4 Oktoba 1997 aligongwa na motokaa barabarani, akafariki akiwa na umri wa miaka 56.

Chombo hicho, WonderSwan, kilitoka Machi 1999. Kilitumia betri moja tu, ndogo kama ya saa ya ukutani, nayo ilidumu saa zaidi ya 30. Kiliweza kuchezwa kikiwa kimelala au kimesimama. Mchezo wake mmoja, wa kuunganisha mistari, uliitwa Gunpey kwa kumkumbuka. Mwaka 2000 kikatoka cha rangi. Kiliuzwa Japani, na mwaka 2003 kikakoma. Ndiyo sababu wengi wetu hatukukisikia.

Akili ni mali, wasomaji wenzangu. Shule ikifungwa nitapanda Mgeta nimwombe mdogo wangu radhi. Kisha nitamwomba anionyeshe jinsi usukani wa gari lake unavyokata kona, maana sikupata kuuliza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne