Ghadhabu ya Mekatilili wa Menza

Wako watu walioumbwa na akili isiyotulia. Mtoto wa namna hiyo hawezi kukaa mkekani kwa somo moja, na akishakuwa mtu mzima hasira humfika mkononi kabla haijafika akilini. Matabibu wa zama hizi wameitambua hali hiyo na kuipa jina. Sisi katika vyuo vyetu aghlabu tumeipa bakora. Hatusemi kuwa Mekatilili alikuwa mmoja wao, kwani maiti hapimwi. Twamtaja kwa sababu ghadhabu yake yajulikana pwani nzima, na ni wachache waliotazama alivyoitumia.

Alizaliwa Ugiriama katika karne ya kumi na tisa, akaitwa Mnyazi. Mekatilili ni jina la uzazi, maana yake mama wa Katilili. Wagiriama wasimulia kwamba nduguye, Mwarandu, alinyakuliwa na wafanya biashara ya watumwa, wala hakuonekana tena. Sisi watu wa miji hatufai kulipita neno hili mbiombio. Waliokuwa wakinunua na kuuza watu katika pwani hii walikuwamo wa mitaa yetu, na walisali misikitini mwetu. Kwa hiyo hasira ya mama huyu ilikuwa na haki juu yetu kabla haijawa na haki juu ya Mwingereza.

Mwaka 1912 serikali ya Kiingereza ilimleta Arthur Champion kusimamia Wagiriama. Alitaka kodi ya vibanda, na alitaka vijana wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Tarehe 13 Agosti 1913 akaita mkutano. Yasimuliwa kuwa Mekatilili alikuja na kuku na vifaranga vyake, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja, kuku akamdona. Wengine huongeza kuwa alimzaba Bwana huyo kofi mbele ya watu wote.

Kofi hilo ndilo lipendwalo na wasimulizi. Sisi twaona kubwa zaidi ni yale mengine. Hakukurupuka kwenda kuchoma kituo cha serikali. Alikuwa mjane, hana mume wa kumzuia, akazunguka vijiji kwa vijiji akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata. Kisha akawakusanya Kaya Fungo, wanawake wakala kiapo chao na wanaume chao, wasimtumikie Mzungu. Viapo hivyo si vya dini yetu, wala hatuvisifu. Lakini tazama: mwili usiotulia alioupa mwendo na ngoma, na hasira ya mtu mmoja akaifunga kwa ahadi ya watu wengi, hata hakuna aliyeweza kuichezea peke yake, naye mwenyewe akiwamo.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mbali sana na bahari. Januari 1914 wakatoroka, wakarejea kwao kwa miguu, mamia ya maili katika nchi za watu wasiowajua. Mwenye hamaki tupu asingalifika Nakuru.

Serikali nayo ilighadhibika, na ghadhabu yake haikuwa na lijamu. Agosti 1914 iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, ikachoma nyumba, ikatwaa mbuzi kwa maelfu, na Wagiriama wengi wakauawa. Mekatilili alikamatwa mara ya pili, akahamishwa tena.

Alipoachiwa mwaka 1919 alirudi kayani, akaongoza baraza la wanawake, na Wanje akaongoza la wanaume. Akaketi miaka mitano akisikiliza magomvi ya wenziwe na kuyaamua. Alifariki mwaka 1924, akazikwa Bungale, upande wa Magarini, na leo sanamu yake imesimama mjini Malindi, hatua chache tu kutoka katika mitaa yetu.