Chojun Miyagi: Aliyewapa raia wa kawaida kata za kujilinda

KWA mkazi wa Mchikichini, wilayani Ilala, kata ni eneo lenye diwani na ofisi ya mtendaji. Kwa wacheza karate wa mtindo wa Goju-ryu, ulioota mizizi jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970 kupitia mafunzo ya Zanaki, kata ni mfuatano wa mapigo na vizuizi ambao mtu huufanya peke yake, bila adui mbele yake. Mwasisi wa mtindo huo ni Chojun Miyagi wa kisiwa cha Okinawa, Japan.

Alizaliwa mjini Naha Aprili 25, 1888, katika ukoo wenye mali. Mwaka 1902 alipokewa na mwalimu Kanryo Higaonna, aliyekuwa amejifunza mapigano Fuzhou, China. Miyagi naye alifika huko mwaka 1915. Jina la mtindo wake lina maana ya ugumu na ulaini, na mwaka 1933 ulitambuliwa na Dai Nippon Butokukai, chombo kilichosimamia sanaa za mapigano nchini humo.

Mwaka 1940 alitunga kata mbili za Gekisai, nyepesi kiasi cha kufundishika kwa wanafunzi na raia wa kawaida. Anayezitazama kwa mbali huweza kudhani ni mchezo wa jukwaani. Sivyo. Mtu anapokukwida katika msongamano wa Soko la Mchikichini, hakuna nafasi ya kurusha ngumi ndefu. Ndipo Gekisai inapoeleweka: teke fupi la mbele linamfanya mshambuliaji ainame, kiwiko kinapanda kukutana na kidevu, kisha mgongo wa ngumi unashuka usoni. Hatua chache baadaye mguu wake unafagiwa. Asiyefafanuliwa hayo hubaki na viungo vinavyocheza tu.

Ufafanuzi huo ulikuwa hatarini kupotea. Mapigano ya Okinawa ya mwaka 1945 yaliua baadhi ya watoto wa Miyagi pamoja na Jin'an Shinzato, mwanafunzi aliyetarajiwa kumrithi. Baada ya vita alianza upya, akifundisha polisi na vijana wachache uani kwake.

Alifariki Oktoba 8, 1953, akiwa na umri wa miaka 65. Mwanafunzi wake Eiichi Miyazato, aliyekuwa polisi, alifungua mjini Naha ukumbi wa Jundokan ili mafunzo hayo yaendelee.