Padre Charles Sacleux, Mmisionari Aliyeuliza Majina ya Miti

Wapenzi wa Kiswahili wanamjua Padre Charles Sacleux kwa kamusi yake. Sisi tunaoishi hapa Babati, kati ya Mlima Kwaraa na mashamba ya mbaazi, tunafaa kumjua pia kama mtaalamu wa mimea.

Sacleux alizaliwa mwaka 1856 kaskazini mwa Ufaransa, akawa padre wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1879 alifika Zanzibar, akatumika visiwani na pwani ya Bara kwa karibu miaka 20. Pamoja na utume wake, alikusanya mimea.

Kazi hiyo inadai haraka na uangalifu. Mmea ulio hai hupandisha maji kutoka mizizini kwa mirija myembamba iliyomo ndani ya shina. Maji yanapotoka kama mvuke kwenye vitundu vya majani, mengine hupanda kushika nafasi yake. Tawi likikatwa, njia hiyo hukatika na majani hunyauka. Kwa hiyo mkusanyaji hulitandaza upesi kati ya karatasi, hulibana, na hubadilisha karatasi mpaka likauke. Kwenye unyevunyevu wa pwani, akizembea kidogo tu, ukungu huharibu kila kitu.

Tena majani peke yake hayatoshi. Mmea uleule huweza kutoa majani mapana kivulini na madogo juani. Ua na tunda havibadiliki sana, ndiyo maana wataalamu huvitegemea kuutambua mmea.

Mimea aliyoikusanya Sacleux ilipelekwa Paris. Huko mtaalamu Henri Baillon alilipa kundi moja la mimea ya Afrika Mashariki jina la Sacleuxia, kwa heshima yake.

Lakini jina la kitaalamu halikumtosha. Alitaka pia jina wanalotumia wenyeji, na katika kamusi yake aliyaweka majina hayo mawili pamoja. Hilo lilikuwa jambo zito. Miti miwili huweza kuitwa jina moja, na mti mmoja ukawa na majina mawili kwa lahaja mbili. Mahali ambapo watu hutibiwa kwa mizizi na magome, kukosea jina ni kuhatarisha uhai.

Mwaka 1898 alirudi Ufaransa, lakini hakuiacha kazi. Mwaka 1909 alitoa sarufi ya lahaja za Kiswahili. Juzuu ya kwanza ya kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilitoka mwaka 1939, akiwa na miaka zaidi ya 80, na ya pili mwaka 1941. Alifariki mwaka 1943. Alichokisikia ujanani kutoka kwa watu wa pwani alikitunza mpaka uzeeni.

Nasi je? Hapa Babati, Mgorowa, Mwiraqw, Mrangi na Mmbugwe wanaweza kukaa chini ya kivuli kimoja na kila mmoja akautaja mti huo kwa lugha yake. Lakini vijana wengi tuliokulia mjini tunausema mti tu, basi. Mzee anapozikwa na majina hayo kabla hatujamwuliza, hakuna kitabu kitakachoturudishia.

Ndugu mseminari, likizo inapofika beba daftari. Waulize babu na bibi jina la mti, mahali unapoota na matumizi yake. Kausha kitawi chenye ua ndani ya gazeti kuukuu, uandike tarehe na kijiji. Nanyi waamini parokiani, wapokeeni vijana hawa na kuwaonyesha. Katika kitabu cha Mwanzo, mwanadamu alipewa kazi ya kuvipa viumbe hai majina. Padre Sacleux alijua kwamba majina mengi yalikwisha kutolewa na watu aliotumwa kwao. Akakubali kuwa mwanafunzi wao.