Paroko wa Ars: Kujinyima na Kubaki

Jumatano ya Majivu ikifika, wengi wetu hujiuliza swali lile lile: mwaka huu nitajinyima nini? Mmoja huacha sukari, mwingine soda, mwingine simu baada ya chakula cha jioni. Ni vema. Lakini maisha ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, yanatuonyesha kwamba lipo jambo gumu kuliko kuacha chakula.

Alizaliwa tarehe 8 Mei 1786 katika kijiji cha Dardilly, karibu na Lyon, Ufaransa, katika familia ya wakulima. Utotoni mwake, Mapinduzi ya Ufaransa yaliwalazimu mapadre waaminifu kujificha, na Komunyo ya kwanza aliipokea kwa siri ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Alianza masomo akiwa amechelewa, na Kilatini kikamtesa. Seminarini Lyon alionekana hawezi, akarudishwa. Sisi tuliowahi kuinamia karatasi ya mtihani bila jibu tunamwelewa. Padre Balley, paroko wa Écully, hakumkatia tamaa. Alimfundisha kwa uvumilivu, na tarehe 13 Agosti 1815 Vianney akapewa daraja takatifu ya upadre mjini Grenoble.

Februari 1818 alitumwa Ars, kijiji cha watu wapatao 230. Kwaresima ilikuwa imekwisha kuanza. Alikuta kanisa halina watu wengi, Jumapili watu wako mashambani, na vilabu vya pombe vimejaa. Aliyakemea hayo kwa ukali, lakini toba aliyowadai wengine aliianza yeye mwenyewe. Godoro lake aliwapa maskini. Alichemsha viazi vya siku kadhaa kwa mara moja, akavila baridi, hata vilipoota ukungu. Alfajiri, watu wangali wamelala, alikuwa amepiga magoti mbele ya Tabernakulo. Alichojinyima hakikubaki kabatini. Kiliwafikia maskini, na tangu mwaka 1824 kiliwafikia pia wasichana fukara wa nyumba aliyowafungulia.

Hapa tuwe waangalifu. Baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba baadhi ya mafungo yake ya ujanani yalipita kiasi. Tusile viazi vyenye ukungu tukadhani tumeupata utakatifu.

Miaka ilivyopita, Ars ikabadilika, na watu wakaanza kuja kutoka mbali kuungama kwake. Mwishoni walifika makumi ya maelfu kwa mwaka. Majira ya joto aliweza kuketi katika kiti cha maungamo hadi saa 16 kwa siku. Aliwapa watu malipizi mepesi, na yaliyobaki akayafanya mwenyewe kwa ajili yao.

Hapo ndipo ulipokuwa msalaba wake mzito. Alitamani upweke, mahali pa kusali na kulilia dhambi zake, kwa maana alijiona hafai kuwa paroko. Mwaka 1843, baada ya ugonjwa mkali, aliondoka kwenda kwa ndugu zake Dardilly. Watu wakamfuata huko huko, naye akarudi. Mwaka 1853 alijaribu tena kuondoka usiku. Waumini wakamzuia, naye akarudi kuketi katika kiti cha maungamo.

Njaa alijichagulia mwenyewe; kubaki hakukuchagua. Twaona kwamba hili ndilo lililomgharimu zaidi: kuiacha hata tamaa njema kwa ajili ya watu aliokabidhiwa. Mfungo wa Kwaresima huishia Pasaka, lakini kazi ile ilimngoja kila asubuhi. Alidumu nayo Ars miaka 41, mpaka alipofariki tarehe 4 Agosti 1859. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925.

Basi Kwaresima hii tuache sukari, na bei yake imfikie mwenye njaa. Kisha tujiulize swali la pili: ni wapi ninapotamani kupakimbia? Kwa frateri huenda ni somo lisiloingia kichwani, au mwenzake wa bweni asiyeelewana naye. Kwa mzazi huenda ni mgonjwa anayehitaji kugeuzwa kitandani kila usiku. Kwa mwanajumuiya huenda ni jirani ambaye hawajasalimiana tangu mwaka jana. Msalaba wa kila siku tunaoambiwa tujitwike mara nyingi uko hapo hapo, nasi tumeupita tukitafuta mwingine mwepesi zaidi.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney, utuombee tujue kubaki.