Friedrich III: mfalme aliyengoja jibu la madaktari akiwa na kidonda shingoni



Katika makanisa yetu wako wengi wanaojua kitanda cha hospitali. Mtu analetwa usiku, hali ni mbaya, madaktari wanampasua haraka ili asife. Asubuhi anaamka, kidonda kinauma, jamaa wanamshukuru Mungu kwa sababu yuko hai. Lakini swali kubwa bado lipo: ugonjwa wenyewe ni nini? Kipande kimepelekwa labo, na jibu halijatoka. Siku hizo za kungoja ni ndefu kuliko siku ya operesheni yenyewe.

Leo tunapenda kuwaelezea maisha ya mtu aliyepita katika njia hiyo zaidi ya miaka 130 iliyopita. Alikuwa mrithi wa kiti cha ufalme wa Ujerumani, na madaktari wakubwa wa wakati ule walikuwa karibu naye. Hata hivyo alingoja kama vile mgonjwa yeyote anavyongoja.

Friedrich Wilhelm alizaliwa Potsdam, karibu na mji wa Berlin, tarehe 18 Oktoba 1831. Baba yake, Wilhelm, alikuwa wa jamaa ya wafalme wa Prussia, jamaa ya Kiprotestanti. Kijana huyo alitumwa kusoma katika chuo kikuu cha Bonn, jambo ambalo wana wa wafalme wa Prussia hawakuwa wamezoea kufanya. Tarehe 25 Januari 1858, huko London, alimuoa Victoria, binti mkubwa wa Malkia Victoria wa Uingereza. Walipendana kweli. Walipata watoto wanane, na wawili kati yao walikufa wakiwa wadogo: Sigismund mwaka 1866, na Waldemar mwaka 1879, akiwa na miaka 11, kwa ugonjwa wa dondakoo. Kwa hiyo baba huyo alikwisha kujua maana ya kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa na kungoja.

Alikuwa jemadari wa vita. Mwaka 1866 jeshi lake ndilo lililofika kwa wakati na kuamua vita vya Königgrätz, na mwaka 1870 aliongoza majeshi tena katika vita dhidi ya Ufaransa. Lakini wanaomjua wanasema hakuipenda vita. Mwaka 1869 alifika Yerusalemu, na huko Sultani wa Waturuki aliipa Prussia kiwanja ambapo baadaye Waprotestanti walijenga Kanisa la Mkombozi, linalosimama mpaka leo. Na mwaka 1880, wakati watu wengi Berlin walipoanza kuwachukia Wayahudi waziwazi, yeye aliingia katika sinagogi akiwa amevaa mavazi yake ya kijeshi, ili kila mtu aone anasimama upande gani.

Kwa miaka mingi alikuwa mrithi tu. Baba yake alikuwa Kaizari tangu 1871, na mamlaka yalikuwa mikononi mwa waziri mkuu Bismarck. Huyo Bismarck ndiye aliyesimamia ule mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambao sisi Wakongo tunaujua vizuri. Friedrich alikuwa na mawazo mengine kuhusu utawala. Alitaka bunge lenye nguvu na uhuru zaidi kwa raia. Wengi walikuwa wakingoja zamu yake.

Mwezi wa kwanza wa mwaka 1887 sauti yake ilianza kukwama. Watu walidhani ni mafua. Alikuwa na miaka 55, na baba yake alikuwa anakaribia miaka 90. Mafua hayakuisha. Profesa Gerhardt wa Berlin alitazama ndani ya koo na kuona kinundu kidogo kwenye upande wa kushoto wa kamba za sauti. Akajaribu kukiondoa kwa kukichoma na waya wenye moto, mara nyingi, siku baada ya siku. Mgonjwa alivumilia. Kinundu kikarudi, tena kikubwa zaidi.

Hapo akaitwa Profesa Bergmann, mpasuaji mashuhuri. Alifikiri ni kansere, na akashauri koo lifunguliwe kwa nje na kinundu kikatwe. Siku ikapangwa, mwezi wa tano. Bismarck aliandika baadaye kwamba madaktari walikuwa tayari kumlaza mgonjwa na kumpasua bila kumwambia ukweli wa jambo lenyewe, na kwamba Kaizari alikataza lisifanyike bila idhini ya mwanawe. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mtu ambaye kesho angetawala mamilioni ya watu, karibu apasuliwe shingo bila kuulizwa.

Kabla ya siku ile akafika daktari mwingine kutoka London, Morell Mackenzie, mtaalamu wa magonjwa ya koo. Yeye alisema: tusimpasue mtu kabla ya kuwa na hakika. Akachukua kipande kidogo cha kinundu kwa chombo kirefu, na kikapelekwa kwa Profesa Virchow, aliyejulikana ulimwenguni kote kwa kuchunguza nyama ya mwili kwa hadubini. Virchow hakuona kansere. Vipande vingine vikapelekwa katika wiki zilizofuata, na jibu likawa lilelile. Lakini Virchow alikuwa mwangalifu: alijibu kwa ajili ya kile kipande alichopewa tu. Hakusema habari za kile kilichobaki ndani ya koo. Watu walisikia sehemu ya kwanza ya jibu na wakafurahi. Sehemu ya pili waliisahau.

Mwezi wa sita Friedrich alikwenda London kwa sherehe ya miaka 50 ya utawala wa mama mkwe wake. Alipita barabarani juu ya farasi, amevaa mavazi meupe, mrefu na mzuri, na watu wakampigia kelele za shangwe. Hawakujua kwamba hakuweza kuwajibu isipokuwa kwa kunong'ona. Baadaye alitafuta hewa nzuri milimani, kisha huko Italia. Tarehe 3 Novemba 1887 alifika San Remo, mji ulio kando ya bahari.

Siku chache tu baada ya kufika, Mackenzie aliona kitu kipya kooni, na sura yake ilimtia hofu. Madaktari wengine wakaitwa haraka. Wakasema ni kansere. Safari hii mgonjwa aliambiwa mwenyewe, na alilipokea neno hilo kwa utulivu. Walimpa njia mbili: kuondoa koo lote la sauti, operesheni iliyoua wengi siku zile, au kungoja, na kufungua njia ya hewa ikiwa pumzi itamshinda. Alichagua kungoja.

Halafu likaja jambo ambalo wagonjwa wengi wanalijua: alipata nafuu kidogo. Uvimbe ukapungua, akatembea bustanini, na mashaka yakarudi. Labda si kansere? Mwezi wa kwanza wa 1888 alikohoa kipande cha nyama, Virchow akakichunguza, na tena hakupata uthibitisho. Mackenzie akaanza tena kutumaini. Madaktari Wajerumani hawakukubali. Magazeti ya Berlin na ya London yakagombana juu ya koo la mtu mmoja, kana kwamba ni mpaka wa nchi mbili.

Mwanzo wa mwezi wa pili pumzi yake ilianza kuwa fupi. Usiku hakulala. Tarehe 9 Februari 1888, mchana, hakukuwa tena na muda wa kubishana. Bergmann alikuwa mbali, Berlin. Msaidizi wake, daktari kijana Bramann, ndiye aliyekuwapo San Remo. Alikata shingo chini ya koo la sauti, akaingiza mrija, na hewa ikaingia. Mgonjwa akapona kifo cha siku ile. Tangu hapo hakusema tena neno moja kwa sauti. Alibeba vipande vya karatasi na kalamu, na yote aliyotaka kusema aliyaandika.

Wiki zile nne zilizofuata zinatugusa sana. Kidonda kilikuwa kibichi. Mrija ulimuumiza, alikohoa usiku na mchana, na makohozi yalikuwa na damu. Bergmann alipofika alisema damu inatoka kwenye kansere. Mackenzie alisema inatokana na mrija usiomfaa. Profesa mmoja akaitwa kutoka Strasbourg kupima mapafu, na akaona ni mazima. Kila daktari aliingia na chombo chake, na kila mmoja alikuwa na neno lake. Mgonjwa alikuwa amelala katikati, hana sauti, akiwatazama. Mke wake Victoria hakuondoka. Yeye alitaka sana kuamini habari njema, na watu wa Berlin walimlaumu kwa hiyo. Lakini nani kati yetu hajawahi kushika tumaini dogo kwa mikono miwili karibu na kitanda cha mpendwa wake?

Mwishoni akaja Profesa Waldeyer, mtu aliyetoa mwaka uleule jina la kromosomu, linalotumiwa na wanafunzi wa biolojia hadi leo. Alichunguza kwa hadubini yale yaliyotoka kooni. Mwanzo wa mwezi wa tatu jibu likatoka, na sasa hapakuwa na shaka. Ilikuwa kansere.

Siku chache baadaye, tarehe 9 Machi 1888, mwezi mmoja kamili baada ya operesheni, ilifika telegramu: baba yake amekufa. Mgonjwa huyo sasa alikuwa Kaizari. Alilia. Kisha akamvika mke wake nishani kubwa kuliko zote za Prussia, kama kumshukuru mbele ya wote. Kesho yake akapanda treni kwenda kaskazini, akafika Berlin usiku wa tarehe 11, katikati ya theluji. Maziko ya baba yake aliyatazama kupitia dirishani, kwa sababu baridi ingemmaliza.

Alitawala siku 99. Kwa mtu aliyejiandaa miaka 30, ni kama hakuna kitu. Hata hivyo aliamka, akavaa, akasoma barua, akaandika maagizo yake kwenye karatasi. Tarehe 24 Mei alihudhuria ndoa ya mwanawe Heinrich, akisimama kwa shida. Mwezi wa sita alimwondoa waziri wa mambo ya ndani, aliyelaumiwa kwa kuingilia uchaguzi. Hilo ndilo tendo kubwa la mwisho alilolifanya kama mtawala. Tarehe 15 Juni 1888 akalala, akiwa na miaka 56. Alizikwa Potsdam, kwenye Kanisa la Amani. Mwanawe Wilhelm II akachukua kiti. Ni chini ya huyo ndipo Ujerumani iliingia vita vya 1914, vita vilivyofika hadi ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, kwa babu zetu. Hadi leo waandishi wa historia wanajiuliza ingekuwaje kama baba angeishi, na kama operesheni ya kwanza ingemwokoa au ingemuua mapema.

Sisi tunajifunza nini?

La kwanza, mgonjwa ana haki ya kuulizwa na kuambiwa. Katika jamaa zetu mara nyingi tunamficha mgonjwa jibu la labo, tunaongea na daktari kwenye korido, tunarudi tukitabasamu. Tunafanya hivyo kwa upendo. Lakini Friedrich alipoambiwa ukweli hakuvunjika. Aliweza kuchagua na kujiandaa. Hata asiye na sauti apewe kalamu.

La pili, jibu la labo ni la kipande kilichopelekwa. Ikiwa ugonjwa unaendelea, turudi kwa daktari, hata kama karatasi ya kwanza ilisema hakuna kitu. Kurudi huko si kukosa imani.

La tatu, tusigeuze kitanda cha mgonjwa kuwa uwanja wa ugomvi. Shangazi anasema hili, mjomba anasema lile, huyu anataka dawa za miti, yule anataka kumhamisha hospitali. Mgonjwa anasikia yote. Kabla ya kubishana, tukae naye.

Na la mwisho. Tunaposoma habari za mfalme Hezekia, tunaona aliomba akaongezewa miaka 15. Friedrich alipata siku 99 tu. Tusiseme kwamba mmoja alipendwa na Mungu na mwingine aliachwa. Hatujui hesabu za Bwana. Tunachojua ni kwamba siku za kungoja nazo ni siku za maisha. Mtu aliyelala na kidonda, ambaye jibu lake bado, bado ni mume, ni mama, ni mtumishi, ni mtu mwenye kazi ya kufanya leo.

Juma hili, ndugu na dada, tumtafute mmoja katika kanisa letu anayengoja jibu kama hilo. Twende na uji, twende na maombi, tusiende na maneno mengi. Na tumpe nafasi aseme yeye, au aandike.

Bwana awape nguvu wote walio kitandani na wote wanaowalinda usiku.