Nyaatha: Alichoka, Lakini Hakununa



Ninyi mnaosoma ukurasa huu hapa Kwale mnazijua jioni zetu. Baba ameshinda kwenye foleni ya feri Likoni, mama ametoka zamu hotelini Diani miguu imevimba. Mlango unafunguliwa, na neno la kwanza ni la ukali. Si ubaya wa moyo, ni uchovu. Lakini mgeni akipiga hodi saa ileile sauti hugeuka tamu ghafla, na hapo ndipo mwenzi huumia zaidi. Leo tuyatazame maisha ya Mwenyeheri Irene Stefani, sista asiye na mume wala mtoto, lakini aliyeujua uchovu kuliko wengi wetu.

Alizaliwa Anfo, Italia, tarehe 22 Agosti 1891, wakamwita Mercede. Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Konsolata, akashuka Mombasa Januari 1915. Mwezi huohuo Waingereza na Wajerumani walikuwa wakipigania Jasin, ng'ambo kidogo tu ya Vanga. Vita vilimpokea mlangoni.

Kuanzia 1916 alitumwa kuwauguza wapagazi wa jeshi: Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Ndio wale ambao jina lao limebaki Kariakoo. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara damu na homa kuliko kwa risasi. Irene aliosha vidonda vilivyooza, akalisha wasioweza kuinua mkono, akafundisha dini kitanda hadi kitanda. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba huko Kilwa mgonjwa mmoja alidhaniwa amekufa, akapelekwa ufuoni pamoja na maiti. Sista akamfuata, akamtafuta katikati ya miili ile, akamkuta bado anapumua. Nani angemlaumu kama angalisema kazi ya leo imetosha?

Mwaka 1920 alihamia Gikondi, Nyeri. Alifundisha shuleni, akapanda na kushuka vilima na viatu vyake vizito kwenda kwa wagonjwa, tena akawaandikia barua akina mama ambao wana wao walikuwa mbali kikazi. Barua hizo hunigusa kuliko yote. Kuketi na mama mzee anayerudia habari moja mara tatu, baada ya kutwa nzima ya kufundisha, si jambo dogo. Wagikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma.

Nguvu hizo alizichota katika sala mbele ya Ekaristi. Nasi tunaweza kuanza kidogo: kabla ya kusukuma mlango, simama, fanya ishara ya msalaba, vuta pumzi. Ukiingia, mwambie mwenzako wazi kwamba umechoka, ili asidhani umemkasirikia. Naye akupe maji kwanza, habari ya karo ingoje. Ila akina baba, tusimtumie Irene kuwanyamazisha wake zetu. Mama aliyesimama kutwa hotelini hahitaji mahubiri juu ya upole, anahitaji mtu wa kumshikia mtoto na kukuna nazi.

Mwaka 1930 tauni iliingia Gikondi. Miongoni mwa wagonjwa alikuwamo mwalimu mmoja ambaye, kama wanavyosimulia, alikuwa akiitamani nafasi ya sista pale shuleni. Ni vigumu kumhudumia anayekutakia uondoke, hata ukiwa na nguvu zako zote. Na Irene wakati huo mwili ulikuwa umekwisha choka. Alimwendea hata hivyo, akamuuguza hadi akakata roho. Ugonjwa ukampata naye. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39, na tarehe 23 Mei 2015 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri huko Nyeri.